Dushi mupya ndani ya nyumba: karo peke yake haizuie maji

Mu Kasaji, nyumba yenye watu wanaita ya kisasa inatambulikana siku hizi kwa kitu kimoja: dushi ya ndani, yenye karo. Zamani fasi ya kuoga ilikuwa nyuma ya nyumba, ukuta wa nyasi ao wa matofali ya udongo, mawe mawili matatu ya kukanyaga, ndoo na kikombe. Bado ni vile kwa parsele nyingi. Lakini mwenye kupata feza kidogo, iwe ku biashara ya mahindi, iwe ku kazi ya Kolwezi, anataka karo ku ukuta, robine ya kungaa, na pomi ya dushi juu ya kichwa.

Ni matakwa mazuri. Mama mwenye muto­to mudogo, muzee mwenye magonjwa, mugeni mwenye kufika usiku, wote wanaona faida ya kuoga ndani bila kutoka inje mu mvua. Shida iko fasi ingine: feza karibu yote inaenda ku kile macho yanaona. Karo inanunuliwa, robine inanunuliwa, fundi anaitwa, na kisha siku kumi kila kitu kinametameta. Mwaka haujaisha, rangi ya chumba cha kulala inaanza kubanduka upande wa pili wa ukuta, karo inalia "kokoko" wakati mutu anaigonga na kidole, na chini ya ukuta udongo unakuwa laini. Hapo mwenye nyumba anasema karo ilikuwa ya mubaya. Mara nyingi karo haina kosa. Kosa liko nyuma yake na chini yake.

Ndoo na robine haziko kitu kimoja

Hesabu moja inasaidia kuelewa. Mutu mwenye kuoga na ndoo anatumia karibu litre 15 ao 20. Dushi yenye robine, wakati maji yanashuka muzuri, inatoa litre 8 mpaka 10 kwa dakika moja. Dakika tano tu ni litre 40 ao 50. Basi nyumba ya watu saba, yenye ilikuwa inamwanga litre 105 mpaka 140 kwa siku, inafika ku litre 280 mpaka 350. Hakuna mutu aliyeongezeka mu nyumba. Ni namna ya kuoga ndiyo imebadilika.

Ile maji yote inatafuta njia. Kama njia haikutengenezwa, itajitengenezea yenyewe, na ya kwanza ni ukuta.

Mu Kasaji na mu territoire yote ya Dilolo, nyumba nyingi zimejengwa na matofali mabichi, yale ya kukausha ku jua. Udongo wa kichuguu unayafanya kuwa magumu kabisa, na nyumba ya namna ile inaweza kusimama miaka makumi, ikiwa paa ni ya muzuri na maji hayagusi ukuta. Lakini tofali bichi likikunywa maji linarudia kuwa udongo. Hakuna simenti yenye inaweza kubadilisha jambo hilo.

Watu wengi wanafikiri karo inafunga maji. Karo yenyewe ndiyo, maji hayapiti kirahisi. Lakini katikati ya karo na karo kuko joa, ile mustari ya simenti nyeupe ao ya majivu, na joa inakunywa maji kidogo kidogo kila siku. Kona zinapasuka, juu nyumba inatembea kidogo wakati wa jua na wakati wa mvua. Maji yakiisha kuingia nyuma, hayawezi tena kutoka, kwa sababu karo inafunga uso wa ukuta sawa mufuniko wa chungu. Ukuta wa udongo wenye hauna karo unalowana asubuhi na unakauka muchana. Wenye kuwa na karo haukauke. Ndiyo maana, jambo la kushangaza, karo yenye kubandikwa vibaya inaweza kuua nyumba haraka kuliko dushi ya zamani yenye haikuwa na karo hata moja.

Kwa nyumba ya matofali mabichi, jibu la mafundi wenye uzoefu ni moja: kusiwekwe karo moja kwa moja ku ule ukuta. Simenti haishikane muzuri na udongo mubichi, hata wakipiga misumari na kuweka waya wa kuku. Inafaa kujenga kijumba kidogo cha dushi pembeni, na matofali ya kuchoma ao bloki za simenti, chenye musingi wake, chenye kuegemea nyumba bila kushikana nayo. Mulango unaweza kufunguliwa ndani ya nyumba. Mutu mwenye kuingia hatajua kama kuta ni mbili. Ikiwa dushi inavuja siku moja, inaharibika yenyewe, chumba cha kulala kinabakia.

Kwa nyumba ya matofali ya kuchoma, kazi ni rahisi zaidi, lakini si ya kubandika karo mupya juu ya ile ya zamani. Plasta yenye kulia tupu inapaswa kuondolewa yote mpaka ku tofali. Ni kazi ya vumbi na kelele, na ndiyo mafundi wa haraka wanapenda kuruka.

Muteremuko, kisha dawa, kisha karo

Mbele ya mambo yote, tiyo. Tiyo ya kuleta maji na ile ya kutosha maji zinapaswa kuwekwa na kupimwa wakati ukuta uko wazi. Kwa dushi, tiyo ya kutosha maji isikuwe chini ya milimetre 50. Ile ya choo ni 100 ao 110. Tiyo za kuleta maji zijazwe, robine zifungwe na kuachwa siku nzima. Ikiwa kuko fasi yenye kutoka jasho, inaonekana sasa, wakati bado haijafunikwa.

Ku sakafu, chini ya tundu la maji, kuwekwe sifo. Ni kile kikombe chenye kubakisha maji kidogo ndani, santimetre tano hivi. Ile maji ndiyo inazuia arufu na mende kupanda kutoka ku shimo. Watu wanaweka tiyo bila sifo juu ya kuokota feza kidogo, kisha wanatumia feza nyingi kuliko ile kwa dawa ya kunusisha. Tena, dushi ya wageni yenye haitumiwi mara nyingi inanuka kwa sababu maji ya sifo yamekauka. Kikombe kimoja cha maji kila juma kinatosha.

Muteremuko wa sakafu ni santimetre 2 kwa kila metre. Chukua dushi ya metre 1,20 kwa 1,20 yenye tundu mu kona moja. Kutoka kona ya mbali kabisa mpaka ku tundu ni karibu metre 1,70, basi sakafu inashuka santimetre 3 na nusu hivi. Mafundi wa Kasaji wanajua kupima na tiyo ya plastiki yenye kuonekana ndani, yenye kujazwa maji: kifaa cha bei ya chini na chenye hakidanganye. Huu muteremuko unafanywa na simenti mbele ya karo. Fundi mwenye kusema atautengeneza na kole wakati wa kubandika, aulizwe mara mbili. Kole ni ya kushikisha, si ya kujaza.

Sasa fika ku kitu chenye karibu kila mutu anaruka: tabaka la kuzuia maji. Liko kati ya simenti na karo, kwa hiyo hakuna mugeni atalisifu. Ku maduka ya Kolwezi na ya Lubumbashi kuko dawa za namna mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni unga ao maji ya kuchanganya ndani ya simenti ya plasta. Mafundi wengi wanaiita paka "sika", jina la kampuni moja ya Uswisi, hata ikiwa imetoka kampuni ingine. Inasaidia, lakini plasta ikipasuka, maji yanapita mu ufa. Ya pili iko mu ndoo, nzito sawa rangi, inapakwa na burashi na inakuwa ngozi ya mupira. Hiyo inavutika kidogo wakati ukuta unatembea. Inapakwa mara mbili, ya kwanza kwa kusimama na ya pili kwa kulala, na mu kona zote inawekwa bandi ya kitambaa katikati ya tabaka hizi mbili. Ku sakafu yote, ku kuta zenye kupata maji mpaka metre 2, na ku kizingiti cha mulango.

Ndoo moja ya dawa ile inaonekana ghali mbele ya macho ya mutu mwenye bado hajanunua karo. Lakini dushi ndogo haikunywi mingi. Ikiwa inafaa kuchagua kati ya karo za bei ya juu bila dawa, na karo za kawaida pamoja na dawa, uchaguzi si mugumu.

Mbele ya kubandika karo ya kwanza, kunafanywa jaribio. Funga tundu na kitambaa ndani ya mufuko wa plastiki, mwanga maji mpaka santimetre 4 hivi ku fasi ya chini, weka alama na kalamu, acha masaa 24. Kwa dushi ya mufano wetu, mabido matatu ya litre 20 yanatosha. Kama kesho yake maji yameshuka sana chini ya alama ao ukuta wa inje umelowana, kutengeneza bado ni rahisi. Kisha karo, kutengeneza ni kuvunja.

Kuchagua karo na kuifikisha yote

Karo zenye kuuzwa Lualaba nyingi zinaingia kupitia Kasumbalesa, na kutoka pale zinafuata Lubumbashi, Likasi, Kolwezi. Kisha Kolwezi ndiyo mateso yanaanza. Barabara ya kitaifa namba 39, yenye kupita Mutshatsha kwenda Kasaji na Dilolo, ina fasi zenye kutikisa gari sawa chekeche, na mu mvua kuna siku gari halifiki. Karo inavunjika wakati imelazwa, moja juu ya ingine, na muzigo mwengine juu. Inafaa isimame, ikibanwa sawa vitabu ku rafu, na nyasi ao makarton katikati. Reli ingekuwa njia ya muzuri zaidi: ile mustari ya Tenke mpaka Dilolo yenye kupita Kasaji ilikamilika mwaka 1931, ikaunganishwa na reli ya Benguela mpaka bahari ya Lobito, Angola. Lakini mutu mwenye kungojea vagon ya SNCC na makarton yake saba ya karo anahitaji uvumilivu.

Hesabu ya karo ni hii. Sakafu ya metre 1,20 kwa 1,20 ni metre carré 1,44. Kuta tatu mpaka metre 2 ni metre carré 7,20. Pamoja ni 8,64. Fundi wa muji mukubwa anaongeza kumi ku mia kwa zile zenye kukatwa. Mu Kasaji, juu ya barabara, kumi na tano ni haki. Inafika karibu metre carré 10. Na makarton yote yakuwe na namba moja ya rangi na ya kipimo, yenye kuandikwa pembeni. Karo mbili za jina moja lakini za namba tofauti zinaweza kuwa nyeupe mbili zenye hazifanane, na tofauti inaonekana wakati kazi imeisha.

Ku duka, geuza karo, weka tone la maji ku mugongo wake. Likiingia mbio, ni karo ya kawaida, ya ukuta. Inashikana muzuri hata na simenti ya kawaida, basi iloweshwe kwanza mu ndoo. Likibakia juu bila kuingia, ni ile ngumu, yenye haikunywi hata nusu ya gramu ya maji kwa gramu 100 ya uzito wake. Ni ya nguvu sana kwa sakafu, lakini kwa sababu hiyo hiyo simenti ya kawaida haiishike. Inaomba kole yenyewe ya karo, ile ya mu saki. Fundi mwingi amelaumiwa juu karo za sakafu zilibanduka zikiwa nzima, safi, na simenti yote ikabakia chini. Alitumia simenti kwa karo yenye haikunywe.

Kwa sakafu ya dushi, kusichaguliwe karo ya kioo. Kidole kilicholoweshwa kikiteleza ku duka, kisigino chenye sabuni kitateleza nyumbani. Karo ndogo ndogo ni ya muzuri zaidi kwa sakafu, juu inafuata muteremuko bila kukatwa sana na joa zake nyingi zinashika muguu.

Kole ipakwe na mwiko wa meno ku ukuta wote, na kwa karo kubwa hata ku mugongo wa karo. Desturi ya kuweka matone matano, moja mu kila kona na moja katikati, inaenda mbio na inamaliza kole kidogo, lakini inaacha mashimo ya hewa nyuma. Maji yanakaa mule, na siku ndoo inagonga karo, inapasuka. Joa ijazwe kesho yake, isiwe siku ile ile. Mu kona, fasi ukuta na ukuta zinakutana ao ukuta na sakafu, kusiwekwe joa ya simenti bali silikone, kwa sababu pale ndiyo nyumba inatembea.

Na kama feza haifike ku karo? Sakafu na ukuta wa simenti yenye kulainishwa muzuri, na muteremuko sawasawa na tabaka la dawa chini, ni dushi kamili. Haina haya yoyote. Karo inaweza kuja mwaka wenye kufuata, muteremuko hauwezi.

Pomi ya mvua yenye kutoa matone

Ku maduka ya Kolwezi kunauzwa ile pomi kubwa ya mraba, yenye kumwanga maji sawa mvua. Watu wanaipenda. Wanaifikisha Kasaji, wanaifunga, na inatoa matone yenye kuhesabika.

Pomi haina kosa. Nguvu ya maji inatoka ku urefu wa tanki: kila metre 10 ya urefu inatoa bar moja. Tanki yenye kusimama metre 3 juu ya pomi inatoa bar 0,3. Pomi nyingi kubwa, na robine za kuchanganya moto na baridi, zinatengenezwa kwa nyumba zenye kuunganishwa na mutandao wa maji wenye bar moja mpaka tatu. Kwa parsele yenye maji ya kisima ao ya foraje yenye kupandishwa mu tanki, inafaa pomi ndogo, yenye matundu ya wazi, na tiyo pana: milimetre 25 kutoka ku tanki, kisha 20 ku mwisho, na kona chache. Kupandisha tanki juu zaidi ni njia ya kweli, lakini kukumbuka: litre 1.000 za maji ni tone moja ya uzito. Tanki ile haiwekwe juu ya ukuta wa udongo ao juu ya mbao za paa. Inaomba munara wake.

Robine yenyewe ipimwe na mukono. Ya shaba ya manjano ni nzito, na ndani ya fasi ya kufungia tiyo manjano inaonekana. Nyepesi yenye kungaa ni plastiki yenye kuvaa nguo. Kuna tena jambo lenye maduka hayaseme. Robine za kisasa zenye kufunguka kwa kugeuza nusu zina ndani yake sahani mbili za kauri, na muchanga mudogo wa kisima unazikwaruza. Kisha hapo zinavuja, na kipande cha kubadilisha hakipatikane Kasaji. Robine ya zamani, yenye kuzungushwa mara nyingi, inafungwa na kipande cha mupira. Kikiisha, fundi anakata kingine mu shambrer ya pikipiki. Si ya kujivuna mbele ya wageni, lakini ndiyo yenye kutengenezeka. Mwenye kutaka ya kisasa, aweke kichujio ku tiyo ya kutoka tanki.

Juu ya ile mashine ya umeme yenye kupasha moto maji mu dushi, maneno machache: bila waya wa kuingia mu udongo na bila disjontere ya kukata mbio, ile ya miliamperi 30, isifungwe. Maji, umeme na mutu bila viatu fasi moja. Sufuria ya maji moto yenye kuchanganywa mu ndoo haijaua mutu kwa namna ile.

Maji yanaenda wapi

Mu Kasaji hakuna mutaro wa muji wenye kubeba maji machafu chini ya barabara. Kila parsele inakunywa maji yake. Kwa hiyo kazi ya dushi haiishe ku tundu la sakafu. Inaisha ku pwizari, lile shimo lenye kujazwa mawe, fasi maji yanaingia polepole mu udongo.

Pwizari ikuwe mbali na musingi wa nyumba, isiwe chini ya metre 3, na upande wa chini wa muteremuko wa parsele. Kutoka kisima, kipimo chenye mashirika ya maji na usafi yanatumia ni metre 30, na chini ya shimo kubakie metre moja na nusu ya udongo mukavu mbele ya kufika ku maji ya ardhini. Metre 30 mu parsele ndogo haipatikane kila mara. Na kisima cha kuhesabu si kile cha mwenye nyumba tu: kisima cha jirani, ngambo ya kiyo­ta cha miti, kinakunywa ardhi ile ile. Magomvi mengi ya mipaka yanaanzia pale, kisha mutoto wa nyumba ingine kuanza kuhara. Fasi nafasi haitoshi, kuko kubaki paka na ndoo, maji yakipelekwa ku migomba, ao majirani kukubaliana kuwa na kisima kimoja chenye kuwa mbali. Maji ya choo yasichanganywe hata kidogo na ya dushi mu shimo moja. Choo ina fosi yake.

Sehemu nyingi za upande huu wa Lualaba zina muchanga, ule wenye wajuzi wa udongo wanaita muchanga wa Kalahari. Unakunywa maji mbio, na watu wanafurahi. Lakini kukunywa mbio maana yake ni kusafisha kidogo: maji ya sabuni na ya mwili yanafika haraka chini. Tena shimo la muchanga linabomoka, basi linaomba kuzungushiwa matofali ya kuchoma yenye kuachiwa nafasi. Fasi ya udongo mwekundu wa kushikana ni kinyume: maji yanakataa kushuka, na pwizari yenye ilikuwa inatosha kwa ndoo inafurika juu ya robine. Kujua, chimba katundu ka santimetre 30, jaza maji, ngojea yaishe, jaza tena, na sasa angalia saa. Yakikawia masaa, shimo likuwe kubwa sana, ao fasi ingine itafutwe.

Kuko mutego wa majira. Wengi wanajenga kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, wakati hakuna mvua, na wana haki: barabara inapitika na plasta inakauka. Lakini maji ya ardhini nayo yanashuka sana mu ile miezi. Shimo la metre 3 lenye kuwa kavu mu mwezi wa nane linaweza kuwa na maji ndani yake mu mwezi wa tatu. Mbele ya kuchimba, muulize mwenye kisima cha karibu: mu mvua kubwa, kamba yako inakuwa metre ngapi? Jibu lake ni la maana kuliko macho ya fundi mu jua.

Kolwezi kuchimba shimo mu parsele kuna historia yake: mwaka 2014, mu mutaa wa Kasulo, ilionekana kama chini ya nyumba za watu kuko madini ya kobalti, na mutaa muzima ukageuka kuwa mashimo. Kasaji shimo bado ni la maji.

Kazi yote ikiisha, robine isifunguliwe siku ile. Silikone inaomba masaa 24, joa nayo vilevile, na kama plasta mupya iko nyuma, ilikuwa inapaswa kukauka majuma karibu ine mbele ya karo. Kisha juma la kwanza la kuoga, zunguka upande wa pili wa ukuta na uweke mukono pale chini, asubuhi na mangaribi. Karo zenye kubakia zisigawanywe kwa jirani wala zisitupwe. Zifungwe mu karton yake yenye kuandikwa namba, zisimamishwe mu kona ya depo, juu siku tiyo itaomba kufunguliwa, duka la Kolwezi halitakuwa tena na nyeupe ile.